Uliza Chupa Ilifunguliwa Wapi

Nakumbuka siku ya limonadi, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya, kana kwamba zile chupa bado ziko pale kwenye majani, zimejaa, hakuna aliyezigusa. Usicheke. Jana umeniudhi, ndiyo sababu leo nimekuita urudi na nimekupikia chai. Kaa. Simu yako iweke kifudifudi.

Jana ulinijia na sambaza za kukaanga, visamaki vya ziwa letu, nikafurahi. Ukaniambia umepandishwa cheo, sasa wewe ndiye mkuu wa mawasiliano katika kiwanda chenu cha unga, una ofisi yako na kadi zenye jina lako. Nikakuombea dua hapohapo, mikono yangu ikiwa bado na mafuta ya samaki. Kisha simu ikalia, ukasoma, ukaniambia kwamba Ijumaa unatakiwa kuwatangazia wakulima wa Rugerero kuwa kiwanda hakitanunua tena mahindi yao. Nikakuuliza nani ameamua. Ukasema wakubwa. Nikakuuliza, wakati wakubwa wanaamua, wewe ulikuwa wapi? Ukatabasamu. Ukaniambia, "Mzee, kazi yangu mimi ni kutangaza tu."

Kutangaza tu! Sambaza zilinikwama kooni. Miaka yote hii, shule zote hizo, kompyuta na picha zinazorushwa angani, halafu mtoto wangu anarudi kukaa kwenye ngazi ileile niliyokaa mimi wakati wa Wabelgiji. Nilikaa kimya jana kwa sababu mtu akikasirika na mdomo umejaa chakula huwa hasemi la maana. Leo nitasema.

Miaka hiyo ya hamsini palikuwa na kiwanda cha limonadi hapa Gisenyi, karibu na ziwa, upande wa njia ya Goma. Mwenyewe alikuwa Mbelgiji mmoja, mwembamba, miguu haitulii. Wafanyakazi walimwita Bwana Vitevite, maana neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni lilikuwa hilohilo: vite, vite, upesi, upesi. Mwanzo alikuwa akitengeneza limonadi ya Wazungu wenzake wa hoteli za ziwani. Halafu akaleta mashine mpya kubwa kutoka Ulaya, akaajiri vijana wa Rugerero kuiendesha, akasema sasa kila mtu atakunywa, mvuvi na mkulima na mama wa sokoni. Akahitaji mtu wa kwenda kuwaambia watu hao. Akanichukua mimi.

Kwa nini mimi? Nilikuwa nimesoma kidogo kwa mapadri, ingawa sisi ni Waislamu. Nilijua Kifaransa cha kuombea kazi, Kiswahili cha mtaani kwetu na Kinyarwanda cha sokoni. Mwenyewe nilidhani ameninunua kwa sababu ya Kifaransa. Kumbe alichonunua kilikuwa cha baba yangu. Baba, Mzee Rajabu, alikuwa muuza chumvi hapo Mbugangari, chumvi ya Katwe iliyokuja kwa magunia. Wauza chumvi wa siku hizo wengi walikuwa wakichanganya mchanga, na mnunuzi mwenye akili alilamba kwanza ndipo akalipa. Chumvi ya baba haikulambwa. Akikuambia ni safi, unapimiwa, unaenda zako. Mimi nikipita na baiskeli ya kiwanda, watu walisema, huyo ni mtoto wa Rajabu, basi msikilizeni.

Nilipewa pembe kubwa ya bati ya kusemea, na mtaa mzima ukanibandika jina la Mudomo. Nililipenda jina hilo, Mungu anisamehe. Kila Jumatatu asubuhi Bwana Vitevite alijifungia ofisini na mhasibu wake na fundi mkuu wa mashine, Wabelgiji wote watatu, wakipanga mambo ya kiwanda. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi, viatu nimevipaka rangi, pembe iko magotini. Mlango ukifunguliwa napewa maneno yaliyokwisha kuiva: "Wee Mudomo, kwenda sema watu hivi na hivi." Napanda baiskeli. Kwenye geti nampita Shangazi Mwamini, dada yake baba, aliyewauzia wafanyakazi ndagala. Alikuwa akiniangalia napita na pembe yangu, anaguna, mara nyingine ananitupia neno nisilolisikiliza, anaendelea kupanga mafungu yake ya samaki. Niliona ni wivu wa kizee.

Basi ikaja siku ya kuwaonjesha watu. Juma zima nilizunguka sokoni, kwa wavuvi, mpaka vilimani Rugerero: njooni, limonadi, tamu, baridi, ya bure! Watu wakaja. Wakaja wavuvi na waendesha mitumbwi, mama wa sokoni na watoto mgongoni, wakulima waliotembea toka alfajiri, na wakubwa wa eneo wamejifunga nguo nyeupe. Mbele kabisa alikaa Mzee Sembagare, mkuu wa wavuvi, mtu mpole, mgumu kucheka. Yeye akitikisa kichwa kukubali, ziwa zima limekubali.

Sasa nisikilize vizuri, maana ninyi mmesoma mpaka mmesahau mnakotoka. Kwetu huku mtu hampi mwenzake kinywaji hivihivi. Mwenye kutoa huonja kwanza, mbele ya mgeni, katika chombo kilekile, ndipo humpa. Wanyarwanda wanaita gusogongera. Mgeni wa mbali atadhani ni kwa ajili ya sumu, na sumu kweli watu waliiogopa, lakini jambo lenyewe ni heshima: kitakachoingia kwako kimekwisha kuingia kwangu. Hata leo, ingia baa yoyote ya Rubavu, mhudumu atakuletea chupa imefungwa na ataifungua mbele ya macho yako. Akiileta wazi, utaiacha mezani. Wewe mwenyewe utaiacha, na kadi yako yenye jina.

Bwana Vitevite alitaka mambo yaende upesi. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia? Akaamuru chupa zote zifunguliwe asubuhi ileile, ndani ya ghala, nyuma huko, watu wasipoteze muda kungojea kizibo kimoja kimoja. Mimi sikujua. Jumatatu hiyo walipopanga nilikuwa kwenye ngazi nasugua kiatu. Niliziona sinia zikitoka ghalani saa ileile wageni wote walipoziona, chupa wazi, vichwa wazi, zimepangwa vizuri.

Mzee Sembagare alipokea chupa yake kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu. Akatazama mdomo wa chupa. Kisha akaniita kwa kidole, akaniuliza polepole, watu wasisikie:

"Mudomo, hii machupa ilifunguliwa wapi?"

"Sijui, Muzee."

"Hujui?"

"Mi niliambiwa kuita watu tu."

Akatikisa kichwa, si kwa kukubali, kwa kuelewa. Akashukuru. Akaiweka chupa katikati ya miguu yake, taratibu, bila kumwaga hata tone. Aliyekaa pembeni yake akafanya vilevile, na wa nyuma, na wa nyuma yake. Hakuna aliyeondoka, maana kuondoka ni utovu wa adabu. Walisikiliza hotuba yote ya Bwana Vitevite, wakapiga makofi panapostahili, na chupa zimejaa miguuni mwao.

Nikamkimbilia mwenye kiwanda, nikamnong'oneza, "Bwana, uonje kwanza wewe." Akanitolea macho. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, daktari amemkataza vitu vitamu. "Mimi hapana kunywa sukari! Wee kazi yako kusema, hapana kufikiri. Sema watu kunywa!" Na mimi, mtoto wa watu, nikainua pembe nikawahimiza wazee wazima wanywe kitu ambacho mwenye nyumba hakukigusa. Walipozidi kuniangalia, nikashika chupa moja nikainywa mpaka chini, nikawaonyesha kitako chake. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Ayi! Muzungu ananong'ona naye, kisha anakunywa. Huyo si mwenye nyumba, ni mutu wa mushahara." Na alikuwa na haki, maana kuonja kwa mtumishi aliyeamriwa si kuonja.

Wakaaga vizuri, wakashukuru, wakaenda. Nyuki wakabaki na chupa.

Yaliyofuata unaweza kuyakisia. Kwanza watu wakasema limonadi inakausha matumbo ya wanawake. Halafu ikawa inamfanya mwanamume asahau kwao. Mwisho wakasema aliyeinywa tumbo litavimba mpaka lipasuke, na aliyeinywa mbele ya watu nilikuwa mimi. Nikipita na baiskeli, watoto wananikodolea tumbo. Nikipiga pembe sokoni, mama wananipa mgongo, wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hayo nilivumilia. Nilimlaani Bwana Vitevite kimoyomoyo, nikaendelea.

Lakini sikiliza lililonivunja. Nilikuwa dukani kwa baba jioni moja, akaja mama wa Rugerero, mteja wake toka sijazaliwa. Baba akashika pishi apime. Yule mama hakufungua fundo la pesa kwenye khanga yake. Akanitupia jicho, kisha akamwambia baba kwa aibu, "Muzee Rajabu, unisamehe. Lamba kwanza."

Baba akaiweka pishi chini. Alilowesha kidole, akakitia chumvini, akalamba, akamwonyesha ulimi. Mzee wa ndevu nyeupe, mwanangu, asimame mbele ya mteja na ulimi nje kama mgonjwa mbele ya daktari. Mama akanunua, akaenda. Kesho yake wakaja wengine, na wao wakataka hivyohivyo. Baba hakunigombeza hata siku moja. Alikula chakula chake bila kuniangalia, basi. Jina lililojengwa kwa miaka, nililibomoa mimi kwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "sijui."

Jumatatu iliyofuata mlango ukafunguliwa, nikapewa maneno mapya. Nitangaze kwamba anayeisema vibaya limonadi atakamatwa na polisi. Pia niwaambie vijana wa Rugerero kuwa mashine itasimama na wao warudi makwao, mpaka watu wajifunze kunywa. Hapo uvumilivu uliniishia. Nikaitupa pembe juu ya meza ya Bwana Vitevite, ikalia kama sufuria. "Sema mwenyewe!" nikamwambia, nikatoka kifua mbele, naona nimekuwa shujaa wa Gisenyi nzima.

Nikaenda moja kwa moja getini kwa Shangazi Mwamini, ili nipate mtu wa kunisifu. Nikamsimulia yote, tena kwa kelele, wapita njia wasikie. Alikuwa amekaa juu ya kreti tupu ya chupa, anachambua ndagala. Hakuinua macho.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, Shangazi."

"Bon. Umetupa pembe. Sasa wale batoto ba Rugerero watakula pembe?"

"Shangazi, wale Wazungu hawaambiliki!"

"Uliwaambia?"

"Niwaambie wapi? Mi niko inje, ku ngazi!"

"Nani alikuweka inje?"

"Wao."

"Na nani alibakia pale?"

Hapo ndipo aliponiangalia, na macho yake hayakuwa na huruma hata kidogo.

"Kila Jumatatu we unatoka na maneno. Unarudisha nini? Mi naona hapa: unatoka na maneno, unarudia na kiu. Watu wanakuambia mambo sokoni, wavuvi wanakuambia, mimi mwenyewe nilikuambia watu hawapendi kunyweshwa bure kama ng'ombe. Ulipeleka wapi hayo?"

"Hakuna aliyeniuliza, Shangazi."

"Yewe! Hata mbuzi akiwa na njaa analia, hangoje kuulizwa. Asiyekuwako na lake halipo, hukusikia wazee wakisema? Unajifarijia eti mujumbe hauawi. Kweli, hauawi. Lakini akipeleka neno asilolijua, haaminiwi tena, na hiyo ni nini kama si kufa? Baba yako analamba chumvi kwa ajili yako. Rudi. Ingia. Ukae."

"Hakuna kiti kule."

"Mi nakaa ku kreti hapa toka asubuhi. Nimekufa?"

Nilimkasirikia, nakuambia kweli. Nilitaka sifa, nimepewa kibao. Nikasimama pale getini nimenuna, najaribu kutafuta jibu la kumnyamazisha, na kila nikitafuta naona ulimi wa baba. Mwisho nikageuka. Nikapitia ghalani, ambako limonadi isiyouzika ilikuwa imefika mlangoni, nikabeba kreti moja iliyojaa, nikaingia nayo ofisini bila kubisha hodi. Walikuwa bado wamekaa, wote watatu. Nikaiweka chini mbele ya meza, nikaikalia.

"Wee! Nani kuita wee hapa?" Bwana Vitevite akapiga kelele.

"Hakuna, Bwana. Lakini maneno unayotaka niyapeleke yanakwenda kwa watu ninaowajua mimi. Ukinipa nikiwa nje, nitayapeleka vibaya tena, na hii ninayoikalia itaoza."

Nikaeleza habari ya kuonja. Mhasibu akacheka mpaka miwani ikashuka. Bwana Vitevite akaona nimemtukana: yeye atie sumu katika chupa yake mwenyewe? Nikamwambia si habari ya sumu, Bwana, ni habari ya mwenyeji na mgeni. Umewaita watu kwako, ukawapa chupa iliyofunguliwa gizani, na wewe mwenyewe hukugusa. Fundi wa mashine, mtu asiyesema sana, akasema tu kwamba mashine hainunuliwi ili isimame. Bwana Vitevite akaitazama ile kreti chini yangu. "Vite, vite," akasema. "Sema." Ilikuwa mara ya kwanza haraka yake kunisaidia.

Tuligombana sana siku hiyo, usidhani palikuwa pazuri. Habari ya polisi aliiacha upesi. Ya vijana wa Rugerero akakubali kungojea kwanza. Kuonja alikataa, sukari, daktari. Tukakubaliana funda moja tu. Nikamwambia tena kwamba kabla sijatoka na pembe nataka kuona kila kitu, maji yanapochotwa, chupa zinapooshwa, sukari inapokaa. Hilo lilimshangaza kuliko yote. Mdomo utafute nini kwenye mashine? Nikamjibu kuwa mzee mmoja aliniuliza swali, na sitaki kulijibu tena kwa "sijui." Lililokuwa gumu zaidi ni la mwisho. Nilitaka kuwaambia watu kwamba tulikosa adabu. "Mwenye kiwanda hapana kukosa mbele ya watu," akasema, uso umemwiva. Basi na mimi sitoki, nikasema. Hakujibu. Nikachukua kimya chake kuwa ndiyo, nikaenda.

Safari hii sikusema tamu wala bure. Nilikwenda kwa watu bila pembe, nyumba kwa nyumba pale nilipoweza, nikasema siku ile tuliwakosea, njooni mtutazame tukijirekebisha. Waliokuja walikuwa wachache. Mzee Sembagare alikuja, akakaa palepale mbele. Baba hakuja. Shangazi Mwamini alisimama nyuma kabisa na kapu lake la ndagala.

Bwana Vitevite akasimama mwenyewe na chupa imefungwa, akaifungua mbele ya wote, ikatoa pumzi. Akapiga funda. Uso ukamkunjamana, na hapo nikatambua kwamba yule bwana alikuwa hajawahi kuonja limonadi yake mwenyewe. Kisha akaitoa kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha. Sembagare akaipokea. Hakunywa. Akanigeukia mimi, na mara hii aliuliza kwa sauti ya kusikika:

"Mudomo. Wakati walikuwa wanapanga hii mambo, ulikuwa ndani ao inje?"

"Nilikuwa ndani, Muzee."

"Maji?"

"Inachemshwa. Nimeona na macho yangu."

"Na hii chupa, ilifunguliwa wapi?"

"Hapa, Muzee. Mbele yako."

Akanitazama kwanza mimi, halafu chupa. Akanywa, akaikabidhi kwa mwenzake, akafuta sharubu. "Iko na sukari mingi," akasema, na watu wakacheka, na mikono ikaanza kunyooshwa.

Sasa usije ukaniambia hadithi imekwisha vizuri. Watu walinunua kidogo kidogo, si kama alivyoota mwenyewe. Vijana wa Rugerero walibaki kazini, hilo kweli. Bwana Vitevite aliwaambia wenzake hotelini kwamba shauri la kuonja lilikuwa lake. Na kiti hawakuninunulia. Nilikaa kwenye kreti Jumatatu baada ya Jumatatu. Lakini nilikaa. Na kazi ikapanuka yenyewe. Walipotaka kubadili ukubwa wa chupa, waliniuliza mama wa sokoni watasema nini. Walipotaka kuacha kununua matunda ya wakulima bila kuwaambia, nilisema ngoja, kwanza twende tukawaone. Mara nyingine nilishindwa, wakafanya ya kwao, na mimi nikakataa kuyabeba, wakamtafuta mwingine wa kuyabeba. Ninyi siku hizi mnaita mkakati. Sisi tuliona ni kuonja kabla ya kumpa mtu.

Chumvi ilichukua muda zaidi. Baba aliendelea kulamba. Limonadi ilikwisha kuzoeleka, watoto wanacheza na vizibo vyake, na yeye bado analamba. Nilikaribia kukata tamaa. Siku moja akaja yule mama wa Rugerero, wa kwanza kabisa. Baba, kwa mazoea, akalowesha kidole. Yule mama akamshika mkono. "Reka, Muzee," akasema. "Acha hiyo. Unipimie tu." Baba akabaki kidole hewani, kimelowa. Kisha akanigeukia, akaniangalia machoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nililia, mwanangu. Nikasingizia chumvi imeniingia machoni.

Ndiyo maana jana niliposikia "kutangaza tu" damu ilinichemka. Wale wakulima wa Rugerero utakaosimama mbele yao Ijumaa ni wajukuu wa walewale. Mahindi yao yako shambani sasa hivi. Watakuuliza, na mmoja wao atakuwa mzee mpole, mgumu kucheka, atakayekuita kwa kidole: kwa nini? Toka lini? Mavuno ya msimu huu je? Utamjibu hujui? Utamwonyesha kadi yako?

Nasaha yangu ni hii, na sitaipamba. Usitangaze neno ambalo halikupita mbele yako. Kesho, kabla ya Ijumaa, nenda kwa wakubwa wako, ingia, kaa, uulize chupa ilifunguliwa wapi: nani kaamua, kwa sababu gani, nani ataumia, na kama kuna njia nyingine. Wapelekee na ya upande wa pili, yale wakulima wanayosema na ambayo wakubwa hawawezi kuyasikia toka ofisini. Zunguka kiwandani ukaone mashine, nenda shambani ukaone mahindi. Kama jambo ni baya, liseme kuwa ni baya wakati bado halijatoka mlangoni, maana maji yakimwagika hayazoleki. Wakikukubalia, vizuri. Wakikufukuza, utakuwa umefukuzwa na jina lako mkononi, na jina ni kitu nilichoona mtu akikitafuta kwa ulimi wake juu ya chumvi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe ulimi wako ni wa kiwanda kizima.

Haya, nimekugombeza vya kutosha. Inamisha kichwa. Mungu akufungulie mlango wa ndani, na ukifunguliwa akupe ujasiri wa kuingia. Akupe masikio mapana kuliko mdomo wako. Asikufikishe mahali pa kumjibu mzee wa watu kwa neno "sijui." Na kiti kikichelewa, akupe kreti. Amina.

Sasa kunywa chai, inapoa. Nimekwisha kuionja.